Mwaka Tulioitwa Paskalina

Msibani kwa dada yangu watu waliniogopa. Sisemi walinionea huruma, nasema waliniogopa. Nilipoinama kuingia chini ya turubai kule Endabash, mwanamke aliyekuwa akipakua makande aliachia upawa ukazama kwenye sufuria, na mtoto mmoja akakimbilia kwa mama yake akilia kwamba bibi ametoka kwenye sanduku. Siwalaumu. Basilisa na mimi tulikuwa pacha wa kufanana kabisa, yeye Kulwa, mimi Doto, na uzee haukututenganisha. Ulituchonga kwa panga lile lile: pengo lile lile la jino la juu, mgongo ule ule, goti la kushoto lile lile linaloanza kuuma mvua ikiwa bado iko nyuma ya mlima. Sura iliyolala kwenye jeneza ndiyo niliyokuwa natembea nayo mimi, naipeleka huku na kule, nainywesha chai. Nikajifunika khanga mpaka puani. Nilijiona kama mtu aliyevaa nguo ya marehemu kabla marehemu hajazikwa.

Aliyenivuta pembeni ni Fabiola. Tulifanya kazi pamoja kwenye shamba la kahawa tukiwa wasichana, kisha akaolewa Mbulu, na tangu hapo tulikuwa tunasikiana kwa salamu za watu tu. Sasa amenenepa, anatembea na fimbo, lakini sauti yake ni ile ile ya kuamsha kijiji. “Paskalina! Ni wewe kweli? Mbona hukutuambia hata siku moja kwamba una pacha?” Nikamwambia ni mimi. Akanishika mikono, akanipa pole, akauliza kama ni kweli wanavyosema, kwamba ni kansa ya titi. Nikaitikia. Akatikisa kichwa. “Mungu ana mambo yake, mwenzangu. Njia nzima nilikuwa nawaza. Uliyemwagiwa dawa kifuani ni wewe, halafu anakufa mwenzio.”

“Dawa gani, Fabi?”

“Umesahau? Lile pipa la dawa ya wadudu, ile nyeupe kama maziwa! Uliteleza pale kwenye mteremko wa bwawa, likakumwagikia lote kifuani. Tukakuburuta mpaka mferejini, tukakuvua blauzi, wewe unacheka huku meno yanagongana. Ukatuapisha tusimwambie mtu. Ukasema, nyumbani wakijua hawataniacha nirudi.”

Sikuwahi kumwagiwa dawa maishani mwangu. Pipa lile sikuwahi kulibeba.

Sitawachosha na habari za ukoo. Mwaka ninaousema tulikuwa tumefika Ganako kukaa kwa shangazi yetu Elizabeti, ambaye viuno vilikuwa vimeanza kumsumbua na alihitaji mikono shambani. Alitupa chumba kilichokuwa stoo ya ngwara, yale maharage yetu ya huku. Kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, dirisha la ukubwa wa sahani, na harufu ya ngwara kavu ambayo mpaka leo nikiisikia nasogea ukutani kumpisha mtu alale. Ukuta wa kati ulikuwa wa fito na udongo, haukuzuia neno. Jioni tulimsikia shangazi na jirani yake wakinywa pombe ya mtama na kutujadili kama ndama wa mnadani. “Hawa wawili wataolewaje?” anauliza jirani. Shangazi anajibu, “Wataolewa na mwanaume mmoja, atalipa mahari moja, na hatajua kamwe kama anaibiwa au anazidishiwa.” Tulikuwa tunaziba midomo kwa blanketi.

Juu ya Ganako, kule ambako mashamba yanagusana na msitu wa Ngorongoro, kulikuwa na shamba kubwa la kahawa. Sasa ni loji, watalii wanakunywa kahawa wanapiga picha ukungu. Wakati ule ukungu haukuwa wa picha, ulikuwa wa kuficha nyati. Msimu wa kuchambua kahawa ulipofika walitafuta wasichana, lakini kila nyumba mtu mmoja tu, maana waombaji walikuwa wengi. Nyapara alikuwa mtu wa Kilimanjaro, tulimwita Mangi, mfupi, koti la mvua mwaka mzima. Hakuwa na karatasi yoyote. Majina yote aliyabeba kichwani na alijivunia hilo. Alipofika kwangu akanioneshea kidole. “Wewe, jina?” Nikasema Paskalina. “Kesho.” Akapita. Basilisa hakuwepo kwenye mstari. Alikuwa amekwenda vichakani kukojoa. Kama haja ile ingenishika mimi badala yake, sote wawili tungekuwa Basilisa mwaka ule, na pengine leo ningeandika mambo mengine, au angeandika yeye.

Basi tukawa Paskalina. Leo naenda mimi, kesho anakwenda yeye, na aliyebaki anapalilia kwa shangazi. Tulikuwa na jozi moja ya buti za mpira, za marehemu mjomba, tulizijaza matambara kwenye vidole. Tulikuwa na blauzi moja ya njano ya kazini na kilemba kimoja. Asubuhi Mangi anaita “Paskalina!” na yeyote aliyevaa blauzi anasimama. Shida haikuwa sura, shida ilikuwa maneno. Ukifanya kazi na watu, wanakuachia utani wa jana uumalizie leo. Ndiyo maana kila jioni, tukila ugali na maziwa ya mgando, aliyetoka kazini alimkabidhi mwenzake siku nzima. Alianza getini akaja nayo hatua kwa hatua: nani alimkuta, nani alikohoa, nani alisema nini kuhusu matako ya nani, Mangi alikuwa amefunga kifungo gani. Akimaliza, mwenzake anaisimulia yote upya, na mwenye siku anamsikiliza huku anatafuna. “Hapana, siyo Yosefina aliyecheka, ni mama yake Yosefina.” “Haya, mama yake Yosefina.” Hatukulala mpaka siku ile imekaa sawasawa kwenye vichwa viwili.

Tulikosea, mara moja vibaya sana. Basilisa aligombana na Fabiola kwa sababu ya nafasi ya karibu na dirisha, akamwambia ana kichwa kama boga la kuanguka. Jioni akasahau kunipa hiyo. Kesho yake nikaingia ninacheka, nikamkumbatia Fabiola, nikamvunjia nusu ya muhindi wangu wa kuchoma. Fabiola akalia mbele za watu. Alidhani nimekesha nikijutia. “Hata mimi nilikosea, Paskalina,” akasema, na mimi sijui anazungumzia nini, namfuta machozi tu. Urafiki wetu wote umejengwa juu ya kitu alichosahau Basilisa.

Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye meza ndefu, kahawa inamwagwa mbele yako, unatoa punje nyeusi, iliyotobolewa, iliyovunjika, unasukuma nzuri kwa mwenzako. Mwenzako anaangalia tena. Mwisho wa meza Mangi anaingiza mkono kwenye kapu, anachota, anatandaza kiganjani, anakutukana kwa Kichaga. Mchana tulikula makande kwenye sahani za bati, yana mawe lakini ya moto. Nilikipenda chumba kile cha kuchambulia. Kilikuwa na joto la watu na sauti ya punje kama mvua ya mbali. Na jioni nilikipenda mara ya pili, kwa mdomo wa dada yangu.

Kisha mvua zikaja, kuchambua kukapungua, na Mangi akaanza kutugawa: siku nyingine mezani, siku nyingine kuwachotea maji wapiga dawa na kuwakorogea kwenye mapipa. Siku ya kwanza ya dawa iliangukia kwangu. Kulikuwa na mrututu wa buluu, dawa ya ukungu wa majani, huo si neno, na kulikuwa na ile nyeupe. Niliposikia harufu yake nilitapika kwenye buti. Nilirudi nyumbani kichwa kinapasuka, nikalala bila kumkabidhi Basilisa kitu chochote. Kesho yake hakuniuliza. Alikuwa tayari amevaa blauzi. “Siku za dawa nitakwenda mimi,” akasema, “wewe utakwenda za mezani. Kichwa changu ni kigumu, shangazi anasema kila siku.” Nikasema tutapokezana kama kawaida. Akasema, “Doto, nyamaza,” kama vile kuzaliwa kabla yangu kulimpa cheo. Nikanyamaza. Nataka iandikwe kwamba nilifurahi kunyamaza.

Tangu hapo jioni zetu zikawa za aina mbili. Nikitoka mezani nilimpa kila kitu. Akitoka kwenye dawa nilimuuliza, “Leo vipi?” naye anasema, “Maji tu. Tumebeba maji.” Mtu aliyeweza kunieleza uzi wa kifungo cha Mangi ni wa rangi gani! Maji tu. Nami sikumbana. Nilijua hanipi yote, nikala ugali wangu.

Kuna jioni moja alirudi amejifunga kitenge ambacho si chetu, blauzi ya njano iko mkononi imelowa. Nilipoikunjua nikaona sehemu ya mbele yote imepauka, rangi imeliwa, imebaki kama uji. Kesho ilikuwa zamu yangu ya mezani. Nikamfokea. “Umeharibu nguo yetu! Nitavaa nini mimi mbele ya watu?” Akasema ameifua kwa majivu mengi, amekosea, anisamehe. Akanywa maziwa kidogo. Akalala chali, yeye ambaye siku zote alilala kwa kifua akinisukuma ukutani. Nami nikalala nimenuna kwa ajili ya blauzi. Miaka yote hiyo niliikumbuka jioni ile kama jioni ya blauzi, mpaka Fabiola aliponipa, pale msibani, kile kipande kilichobaki.

Sasa niwaambie kuhusu Glori. Ni binti wa mwanangu wa kwanza, anafundisha baiolojia sekondari hapa hapa Karatu, na nikipita sokoni watu wananiita bibi yake mwalimu, nami sijifanyi sisikii. Mimi darasa nililiacha mapema, lakini kichwa cha Glori kimetoka mahali fulani, na mama yake hakuwa na cha kugawa. Baada ya msiba alikuja nyumbani, akakaa kunisaidia kupukuchua ngwara, na nikaona ana neno. Nikamwambia aliseme kabla hajaniharibia ngwara.

“Bibi, mama Vero amenipigia.” Veronika ni binti mkubwa wa Basilisa, yuko yeye na mdogo wake, wote wana watoto. “Wanaogopa. Wanataka kujua kama ugonjwa wa bibi Basi ni wa kurithi. Na bibi Basi alizikwa bila kuchukuliwa kipimo hicho.”

“Sasa mimi ni daktari?”

“Wewe ni bibi Basi, bibi. Kwa damu, ninyi ni mtu mmoja.”

Kisha akanieleza. Alisema ndani ya kila seli, na seli ni vitu vidogo ambavyo ndivyo sisi wenyewe, kuna uzi wenye maelekezo yote ya kumtengeneza mtu. Uzi wenyewe ni nyuzi mbili zimesokotana. Seli ikitaka kuwa mbili, nyuzi zinaachana; akafungua zipu ya sweta lake polepole nione. Kila upande unabaki na meno yake, na kila herufi ya upande huu inamjua mwenza wake mmoja tu wa upande ule. Basi upande wa kushoto unajitengenezea wa kulia mpya, na wa kulia unajitengenezea wa kushoto mpya. Palipokuwa na uzi mmoja pana mbili, na kila mmoja una nusu ya zamani na nusu mpya. Nikaacha ngwara. Nikamwambia, “Kama mtu aliyetoka kazini na aliyebaki nyumbani.” Hakuelewa, nikamsimulia kuhusu Paskalina wetu, akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema ndiyo, na kile kinachonakili kinajirudia kuhakiki, kikikuta herufi imekosewa kinaing'oa na kuweka nyingine, na nyuma yake wako wengine wanaohakiki tena. “Mangi,” nikasema. “Mangi, bibi. Lakini maandishi ni mengi mno, na kazi haisimami tangu tumboni mpaka kaburini. Kuna kosa linapita. Mengi hayana madhara yoyote. Machache yanaangukia mahali pabaya, seli inasahau kuacha kugawanyika, na hiyo ndiyo kansa.”

Nikamuuliza swali langu la pekee. Kama mimi na Basilisa tulikuwa maandishi yale yale, kwa nini yeye?

Alijibu taratibu, kama anayeogopa kunivunja. Kuna makosa ya aina mbili. Kuna ambalo mtu anakuja nalo, liko kwenye uzi wa kwanza kabisa tumboni kwa mama kabla mmoja hajawa wawili. Kama ndilo hilo, Basilisa alikuwa nalo na mimi ninalo, na mabinti zake huenda amewaachia. Na kuna ambalo mtu analipata njiani, kwenye kunakili kwa mwili wake mwenyewe, halirithiwi na mtoto. Damu yangu ndiyo iliyobaki ya kuonesha ni lipi kati ya hayo. Ikikutwa na kosa, Veronika na mdogo wake wapimwe haraka, nami pia nifuatiliwe. Ikiwa safi, kuna uwezekano mkubwa kwamba Basilisa alilipata njiani, na wanawe wapumue.

“Njiani wapi?” nikauliza.

“Popote, bibi. Umri tu. Bahati mbaya tu.”

“Na dawa? Dawa ya wadudu, ikikumwagikia hapa?”

Akanitazama kifuani, nilikokuwa nimeweka mkono. Nikamwambia alichoniambia Fabiola. Glori hajui kunidanganya. Ndicho kilema chake. Akasema ziko dawa zinazoweza kuchokonoa maandishi, lakini siku moja ya miaka ile yote, hakuna mtu duniani awezaye kuiinua na kusema ni hii. “Seli zinakosea hata za mtu aliyelelewa kwenye pamba. Usijihukumu kwa kitu ambacho hata maabara haikioni.” Nikamwambia amalize ngwara.

Sasa sikilizeni uovu wangu. Wiki ile niliomba, asubuhi na jioni, na nilipojisikiliza nikasikia ninachoomba. Nilikuwa naomba damu yangu ikutwe mbovu. Kwa sababu ikiwa mbovu, basi kosa lilikuwa letu sote tangu tumboni, pipa halina neno, blauzi ni blauzi tu, na dada yangu hakufa kwa zamu yangu. Ili mimi nilale usingizi, nilikuwa nawatakia kansa watoto wake. Mtu asinifariji. Nilimwambia Glori siendi. Nikamwambia nimezeeka, wasinichome sindano.

Veronika akaja mwenyewe, amebeba parachichi kwenye mfuko. Alipoingia hakunitazama usoni. Tangu msiba hawezi. Alizungumza na mikono yangu. Akanipa habari za mvua ya Endabash, za ng'ombe aliyezaa, za mtoto aliyefaulu. Mwisho akasema, “Mama mdogo, sikulazimishi. Glori ameniambia hutaki, nimeelewa.” Akaweka mfuko sakafuni. “Ila nikioga najipapasa. Kila nikioga. Jana nimemkuta binti yangu anajipapasa, na hajaota hata ya kushika.” Alitaka kucheka, akashindwa, akanyanyua uso. Ndipo akanitazama, akaona aliyemwona. “Mama,” akasema. Hakusema mama mdogo. Nikamshika kichwa nikakiweka kwenye mapaja yangu, kwa mikono ile ile aliyoizoea, na kwa mara ya kwanza tangu msiba sikutaka kuificha sura hii. “Nitakwenda,” nikamwambia. “Kwa mama yako sikwenda. Kwako nitakwenda.” Hakujua nina maana gani.

Alhamisi Glori alinipeleka hospitali hapa mjini ambako damu inachukuliwa, kisha inasafirishwa mbali. Tulikaa kwenye benchi pamoja na watu wa kikohozi na mama wajawazito, dirisha linaangalia barabara, magari ya watalii yanapita kwenda geti la Ngorongoro. Nilijaribu tena kuomba. Safari hii niliomba iwe safi. Nililiomba neno hilo huku nikijua likikubaliwa litarudi na pipa lile, na mteremko, na msichana anayecheka meno yakigongana ndani ya blauzi yangu. Niliomba hivyo hivyo. Sikulipenda, lakini niliomba.

Mlango ukafunguliwa, nesi akatoa kichwa. “Paskalina!”

Sikusimama. Glori akanigusa bega, akadhani sijasikia. Nilisikia vizuri sana. Mwaka ule mzima, siku mbaya zilipofika na jina hilo likaitwa, aliyesimama hakuwa mimi, na mwili wangu ulizoea kungoja. Nilitazama pembeni yangu kwenye benchi. Palikuwa na khanga yangu iliyokunjwa na parachichi moja nililobakiza.

“Paskalina yupo?”

“Yupo,” nikasema, nikasimama.